Uzi: Umeme wa vituo vya data, namna ya kuupima na kuupunguza, na kwa nini PUE peke yake haitoshi

Mleta mada

Wakuu, naomba tuijadili kwa kina mada hii ya umeme wa vituo vya data, kwa sababu naona mazungumzo mengi yanaishia kwenye namba moja tu, yaani PUE (uwiano wa umeme wote wa kituo kwa ule unaofika kwenye kompyuta zake, yaani seva), na kituo chenye PUE ndogo kinahesabiwa kuwa kimeshamaliza kazi yake. Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kuipinga asipate tabu ya kuitafuta. PUE inapima jengo na mitambo yake. Haipimi kazi inayofanywa na seva. Anayeikimbiza namba hiyo bila kuangalia jumla ya kilowati-saa kwenye mita kuu anaweza kuishusha huku bili ya umeme ikipanda.

Suala lenyewe si dogo. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vya dunia nzima vilitumia takriban terawati-saa 415, ambazo ni kama asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika duniani, na katika makadirio yake ya msingi kiasi hicho kitafika karibu terawati-saa 945 mwaka 2030. Kwa Marekani peke yake, maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley iliyaweka matumizi ya mwaka 2023 kwenye terawati-saa 176, sawa na asilimia 4.4 ya umeme wa nchi hiyo.

Sasa tuje kwenye kipimo. PUE ilienezwa na muungano uitwao The Green Grid kuanzia mwaka 2007, na mwaka 2016 ikaingizwa kwenye viwango vya kimataifa kama ISO/IEC 30134-2. Hesabu yake ni nyepesi: nishati yote iliyoingia kituoni inagawanywa kwa nishati iliyofika kwenye seva, vifaa vya kuhifadhia data na vifaa vya mtandao. Ikiwa kila kilowati-saa moja ya seva inafuatana na nusu kilowati-saa ya kupoza, ya hasara za UPS (mtambo wa betri unaoshikilia umeme ukikatika) na transfoma, na ya taa, basi PUE ni 1.5. Katika tafiti za kila mwaka za Uptime Institute, taasisi inayofuatilia vituo vya data, wastani wa vituo vilivyoulizwa ulikuwa karibu 2.5 mwaka 2007, ukashuka kwa kasi hadi karibu 1.65 mwaka 2013, kisha ukaganda. Mwaka 2024 ulikuwa 1.56. Google, ambayo inajenga vituo vyake yenyewe na kuchagua hata muundo wa seva zake, ilitangaza wastani wa 1.09 kwa mwaka huo huo. Kwa hiyo wale wa kawaida hawajakwama kwa sababu fizikia imegoma. Wamekwama kwa sababu hatua rahisi zilikwisha kuchukuliwa, majengo ya zamani bado yanafanya kazi, na mengi yanabeba mzigo mdogo kuliko uliokusudiwa.

Hilo la mzigo mdogo linastahili hesabu. Tuseme mitambo ya kituo inakula kilowati 200 hata kama hakuna kinachoendelea, na juu yake inaongeza kilowati 0.3 kwa kila kilowati ya seva. Kituo kikiwa na seva za kilowati 200 tu, jumla ni 460 na PUE ni 2.3. Kikijaa hadi kilowati 1,000, jumla ni 1,500 na PUE ni 1.5. Mitambo ni ile ile na mafundi ni wale wale. Anayelinganisha vituo viwili bila kuuliza kila kimoja kimejaa kiasi gani analinganisha vitu visivyolingana.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi: PUE ni ya mwaka mzima na ni ya nishati, yaani kilowati-saa. Usomaji wa kilowati wa usiku mmoja wenye baridi si PUE, hata ukipambwa kwenye taarifa kwa rangi za kijani. Halafu msomaji aambiwe umeme wa seva ulipimwa wapi. Kiwango kinatenganisha ngazi tatu: kwenye matokeo ya UPS, kwenye matokeo ya vigawa-umeme vinavyolisha raki (kabati za seva), na kwenye plagi ya kifaa chenyewe. Anayepimia kwenye UPS anazihesabu hasara zote zinazotokea baada yake kama umeme wa seva, na PUE yake inatoka nzuri kuliko ilivyo. Hakuna udanganyifu hapo iwapo ngazi imetajwa. Shida ni kwamba mara nyingi haitajwi.

Mchangiaji, fundi wa umeme

Mkuu, uzi mzuri. Naomba niongeze ya upande wangu, maana namba nyingi ninazoletewa zimeharibika kabla hazijafika kwenye kikokotoo.

La kwanza, watu wanabana waya kwa mita ya mkononi, wanasoma ampea, wanazidisha kwa volti, kisha wanaandika kilowati. Hizo si kilowati, ni kilovolti-ampea. Kwenye mfumo wa fezi tatu unahitaji volti kati ya fezi na fezi, ampea, kipeuo cha pili cha 3, na kipengele cha nguvu, yaani uwiano wa wati halisi kwa volti-ampea. Seva za kisasa zina kipengele cha nguvu kinachokaribia 1 zikiwa na mzigo wa kutosha, lakini injini za feni na pampu za zamani zinaweza kuwa 0.8 au chini zaidi. Matokeo yake ni kwamba upande wa kupoza unaonekana mkubwa kuliko ulivyo na upande wa seva unabaki karibu na ukweli, kwa hiyo uwiano unapotoka. Tumia mita inayosoma wati halisi na kujumlisha kilowati-saa yenyewe, yenye daraja la usahihi la 1 au bora zaidi.

La pili ni vile vibadili-mkondo tunavyovivisha kwenye nyaya kubwa ili mita isome. Kila kimoja kina mshale unaoonyesha mwelekeo wa mzigo. Kikivishwa kinyume kwenye fezi moja kati ya tatu, mita itatoa fezi hiyo badala ya kuijumlisha, na kilowati 300 zitasomeka kama 100. Uwiano uliowekwa kwenye mita nao ulingane na ule ulioandikwa kwenye kibadili-mkondo chenyewe. Dawa ni kujumlisha: mita ndogo zote za chini ya transfoma zikijumlishwa zinapaswa kukaribia mita kuu, na tofauti inayobaki ieleweke kuwa ni hasara za nyaya na transfoma. Ikiwa jumla ya watoto inampita mzazi, usiendelee na hesabu yoyote.

La tatu, yasisahaulike mambo yanayokula umeme kimyakimya. Hita inayoweka maji ya injini ya jenereta kwenye joto hufanya kazi saa zote, mwaka mzima, hata kama jenereta haijawashwa. Mafuta yanayochomwa wakati wa kukatika kwa umeme nayo ni nishati iliyoingia kituoni. Na kama kituo kiko ndani ya jengo la ofisi na kinapata maji baridi kutoka mtambo wa jengo, sehemu ya umeme wa mtambo huo ni yake hata kama haupiti kwenye mita yake.

Mleta mada

Fundi, hilo la watoto kumpita mzazi linapaswa kubandikwa kwenye mlango wa chumba cha umeme. Naongeza UPS, kwa sababu ndiyo hasara inayoonekana wazi ukiwa na mita mbili tu. Zile zinazogeuza umeme mara mbili muda wote hutoa takriban asilimia 94 hadi 97 ya kilichoingia zinapobeba mzigo wa kutosha, ila zikibeba asilimia 15 au 20 ya uwezo wake ufanisi unaporomoka. Vituo vyenye njia mbili za umeme kwa ajili ya usalama havipati UPS inayozidi nusu ya uwezo wake, kwa kuwa kila njia lazima iweze kubeba mzigo wote nyingine ikianguka. Hapo unachagua UPS ya vipande unavyoweza kuviwasha au kuvilaza kulingana na mzigo, au unaruhusu hali ya uchumi ambapo umeme unapita moja kwa moja na UPS inasubiri, ukikubali kwamba ulinzi wake si ule ule. Kwa mizigo ambayo kukatika kwake kunamgusa mgonjwa au muamala wa fedha, mimi nisingeiruhusu.

Mchangiaji, fundi wa mitambo ya kupoza

Nashukuru kwa mada. Kwa uzoefu wangu, kabla ya kununua mtambo wowote mpya, tembea ndani ya chumba ukiwa na kipimajoto. Pima hewa inayoingia mbele ya seva ya chini kabisa kwenye raki, kisha ya katikati, kisha ya juu kabisa. Ukikuta chini ni nyuzi 19 na juu ni nyuzi 28, chumba hakina upungufu wa ubaridi hata kidogo. Hewa ya moto inazunguka juu ya raki au inapita kwenye nafasi tupu na kurudi mbele. Msimamizi anayeona 28 anashusha joto la chumba kizima ili kuiokoa seva ile moja ya juu, na zile nyingine mia mbili zinapigwa baridi ambayo hazikuihitaji.

Tiba yake ni ya bei ndogo. Ziba nafasi tupu za raki kwa vibao. Ziba matundu ya sakafu yanayopitisha nyaya kwa brashi maalumu. Ondoa vigae vya sakafu vyenye matundu vilivyowekwa kwenye ujia wa moto, yaani njia ya nyuma ya raki inakotokea hewa ya moto. Utashangaa ni mara ngapi vinakutwa huko, kwa sababu mtu fulani alihisi joto akiwa anafanya kazi nyuma ya raki akaamua kujipatia upepo. Baada ya hapo ndipo ufunge ujia wa moto au ujia baridi wa mbele ya raki kwa milango na paa, ili hewa isiwe na njia nyingine ila kupita ndani ya seva.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chochote ila vipimajoto. Seva zikipandisha joto la hewa kwa nyuzi 12, halafu kiyoyozi chako kikawa kinaona tofauti ya nyuzi 6 tu kati ya hewa inayorudi na inayotoka, maana yake takriban nusu ya hewa unayoisukuma inarudi bila kugusa seva yoyote. Unalipia feni mara mbili ya inavyotakiwa.

Na hapa ndipo penye pesa nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu umeme wa feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo, inabaki na karibu asilimia 51 ya umeme. Tuseme chumba kinahitaji hewa ya viyoyozi 8 na vipo 10, viwili vikiwa vya akiba. Desturi ni kuviwasha 8 kwa mwendo wote na kuvilaza 2. Ukiviwasha vyote 10 kwa asilimia 80, unapata hewa ile ile kwa umeme wa feni sawa na wa viyoyozi 5.1 badala ya 8. Umeokoa zaidi ya theluthi, na akiba yako haijapotea, kwa kuwa kimoja kikifa tisa vilivyobaki vinaongeza mwendo kidogo tu. Sharti ni kwamba feni ziwe na kifaa cha kubadili mwendo, na viyoyozi vyote viongozwe na kidhibiti kimoja.

Nasisitiza hilo la kidhibiti kimoja. Viyoyozi vinavyojitegemea, kila kimoja na sensa yake, vinaweza kupigana: kimoja kinaongeza unyevu kwenye hewa na jirani yake anaukausha, usiku na mchana, na chumba kinabaki na hali ile ile. Ukigusa bomba la maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi kimoja ukakuta linatiririka huku kingine kinatoa mvuke, umeshapata kazi yako ya wiki.

Mchangiaji, msimamizi wa seva

Wakuu, naheshimu michango yenu, ila nina pingamizi. Mleta mada anaisema PUE kama adui, na mimi naona ndiyo namba pekee ambayo mwenye mamlaka ya kutoa fedha anaielewa bila kuhitaji semina. Pia ndiyo inayoingizwa kwenye sheria. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2023 inayovitaka vituo vipya vitakavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 vifikie 1.2, na Umoja wa Ulaya unavitaka vituo vyenye vifaa vya kompyuta vya kuanzia kilowati 500 vitoe taarifa za nishati yao kila mwaka. Tukianza kusema namba hiyo haitoshi, si tutampa mvivu kisingizio?

Swali la pili. Kuhusu joto, wengine wanasema tupandishe hadi 27 na wengine wanasema seva zitakufa. Msimamo ni upi?

Mleta mada

Mkuu, pingamizi lako ni la haki, na mimi sisemi itupwe. Nasema isisimame peke yake. Nitakupa mifano miwili ya hesabu, na mifano yote inaanza na kituo kimoja: seva kilowati 1,000, mitambo mingine kilowati 500, jumla 1,500, PUE 1.50.

Wewe kama msimamizi wa seva unapekua na kugundua seva zinazokula kilowati 200 ambazo hakuna anayezitumia. Unazizima. Seva zimebaki kilowati 800. Mitambo ya kupoza nayo inashuka, lakini si kwa uwiano ule ule, kwa kuwa sehemu yake haibadiliki. Tuseme inashuka hadi 440. Jumla sasa ni 1,240, na PUE imepanda hadi 1.55. Umeokoa kilowati 260, ambazo kwa mwaka wa saa 8,760 ni kilowati-saa milioni 2.27 na ushei, na kwenye ubao wa matokeo unaonekana umeharibu. Bosi anayelipa marupurupu kwa kufuata PUE amekuambia, bila kujua, uziache zile seva zikiwaka.

Mfano wa pili unajibu swali lako la joto. Kamati ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, inayoshughulikia vituo vya data ilipendekeza nyuzi 20 hadi 25 kwa hewa inayoingia kwenye seva mwaka 2004, na mwaka 2008 ikapanua hadi 18 hadi 27. Seva nyingi zinaruhusiwa kufika 32 au 35 kwa vipindi. Kwa hiyo 27 haiui seva. Lakini seva ina feni zake ndani, na mtengenezaji amezipangia kuongeza mwendo hewa inapopata joto, kwa kipeo kile kile cha tatu alichokieleza fundi. Tuseme umepandisha kutoka 22 hadi 27, upande wa kupoza ukashuka kutoka 500 hadi 475, na feni za ndani zikapandisha umeme wa seva kutoka 1,000 hadi 1,030. PUE imeshuka hadi 1.46 na kila mtu anapongezwa. Jumla kwenye mita kuu ni 1,505. Umeme umeongezeka, kwa kuwa ule wa feni za ndani unahesabiwa kama kazi ya kompyuta.

Msimamo wangu ni huu: ziba kwanza mianya ya hewa, kisha pandisha nyuzi moja moja, kaa wiki moja kwenye kila hatua, na angalia mita kuu, si PUE. Kuna nyuzi ambayo jumla inaacha kushuka na kuanza kupanda. Hiyo ndiyo ya kituo chako, na inategemea seva ulizonazo na hali ya hewa ya nje. Faida kubwa ya kupandisha, kwa kweli, mara nyingi haiko kwenye chumba bali kwenye mtambo wa kupoza maji: maji yakiruhusiwa kuwa na nyuzi 16 au 18 badala ya 7, kompresa inafanya kazi nyepesi zaidi, na saa ambazo hewa ya nje peke yake inatosha kuyapoza zinaongezeka sana. Maji ya nyuzi 7 pia yanakausha hewa ya chumba kwa nguvu, na umeme mwingine unatumika kuirudishia unyevu.

Kuhusu seva zenyewe, tatizo ni la zamani. Mwaka 2007 Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google walionyesha kwamba seva nyingi hutumika kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na seva iliyokaa bure ilikuwa bado inakula karibu nusu ya umeme wa ile inayofanya kazi kwa nguvu zote. Seva za sasa ni bora kuliko hizo, ila hazijafika pale ambapo kutofanya kazi kunakaribia kutokula. Mwaka 2015 Jonathan Koomey na Jon Taylor walichambua data ya seva halisi wakakuta kama asilimia 30 hazikuwa zimefanya kazi yoyote ya maana kwa miezi sita au zaidi. Hakuna feni wala mtambo wa maji utakaokupa asilimia 30.

Kuzipata si kazi ya fundi wa viyoyozi, ni yako. Anza na trafiki ya mtandao na matumizi ya prosesa ya mwezi mzima ukijumuisha mwisho wa mwezi, kwa sababu kuna mashine zinazoamka siku ya mahesabu tu. Ondoa kwenye tathmini yako kelele za programu za kuhifadhi nakala na za kuzuia virusi, ambazo huifanya seva iliyokufa ionekane hai. Inayoshukiwa ikatwe mtandao kwanza, iachwe ikiwaka kwa majuma kadhaa; kama hakuna aliyelalamika, ndipo izimwe na kutolewa kwenye raki. Ukiwa huko, fungua mipangilio ya nguvu ya seva zilizobaki. Nyingi hupangwa kutolegeza prosesa kamwe, kwa hofu ya kuchelewa kwa sekunde ndogo ambazo mtumiaji wa mfumo wa likizo za wafanyakazi hawezi kuzihisi.

Mchangiaji

Samahani, naomba kuuliza kuhusu maji. Nimeona vituo vinavyojisifia PUE ya 1.1 vikitumia mvuke wa maji kupoza. Je, hapo si tunahamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine? Na hizi mashine za akili mnemba zinazopozwa kwa kimiminika zinaingiaje kwenye hesabu?

Mleta mada

Ndivyo hasa. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto jingi: mita moja ya ujazo inaondoa takriban kilowati-saa 680 za joto, kwa hiyo kila kilowati-saa ya joto inataka kama lita moja na nusu. Kwa kubadilishana, kompresa inapumzika. Kwenye eneo lenye maji mengi na umeme wa makaa ya mawe huo ni mpango mzuri. Kwenye eneo kame ni mpango mbaya, na PUE haitakuambia tofauti. Ndiyo maana kuna WUE, inayohesabu lita za maji kwa kila kilowati-saa ya vifaa vya kompyuta, na CUE inayohesabu hewa ya ukaa. Ziandikwe zote tatu kwenye ukurasa mmoja, kwa mwaka mmoja. Anayekuonyesha moja na kuficha mbili, muulize.

Kuhusu kupoza kwa kimiminika, sababu ni ya kimaumbile. Kwa ujazo ule ule, maji hubeba joto takriban mara 3,500 zaidi ya hewa. Raki moja ya NVIDIA yenye vichakataji vya michoro 72 vya kizazi cha Blackwell inakula karibu kilowati 120, na kuipoza kwa hewa peke yake kungehitaji zaidi ya mita za ujazo 8 za hewa kwa sekunde hata seva zikiruhusiwa kuipasha kwa nyuzi 12. Upepo huo hauwezi kupitishwa kwenye mlango wa raki. Kwa hiyo maji yanapelekwa hadi juu ya kichakataji, na kwa kuwa yanaweza kuingia yakiwa na nyuzi 30 au zaidi, katika maeneo mengi kompresa haihitajiki kabisa au inahitajika siku chache.

Ila angalia mchezo wa namba. Feni za ndani ya seva zikiondolewa, umeme wa seva unashuka, na pampu za kusukuma kimiminika zinahesabiwa upande wa jengo. PUE inaweza kupanda huku jumla ikishuka. Kundi la wataalamu wa kompyuta kubwa za kisayansi lililiona hilo mapema, na mwaka 2013 wakapendekeza TUE, ambayo inaingia ndani ya seva na kutenga umeme wa feni na hasara za vifaa vya kugeuza umeme kutoka kwenye ule unaofika kwenye prosesa na kumbukumbu. Si wengi wanaoitumia, kwa sababu kupima ndani ya seva ni kugumu, lakini wazo lake ni sahihi.

Kuuza joto kwa mifumo ya kupasha nyumba, kama kile kituo cha Meta cha Odense nchini Denmark, ni jambo jema lenye kipimo chake, ERF, yaani sehemu ya nishati ya kituo inayotumika tena nje yake. Halipunguzi PUE na halipaswi kutolewa kwenye hesabu yake.

Mchangiaji

Mkuu, mimi nasimamia chumba kidogo cha seva: raki nne, viyoyozi viwili vya kawaida vya ukutani, UPS moja, na mita moja inayohesabu jengo zima. Haya yote ya ISO ni ya wakubwa. Mimi naanzia wapi?

Mleta mada

Una zaidi ya unavyodhani. UPS yako ina kioo kinachoonyesha mzigo kwa kilowati, na pengine ina kadi ya mtandao inayoweza kuandika usomaji huo kila baada ya dakika chache. Huo ndio umeme wa seva zako, ngazi ya kwanza ya kipimo. Kwa viyoyozi, mwombe fundi wa umeme aweke mita ndogo ya kilowati-saa kwenye saketi ya kila kimoja, na nyingine kwenye umeme unaoingia UPS. Sasa una mita tatu na kioo kimoja, na hasara ya UPS unaipata kwa kutoa. Soma kila Jumatatu saa ile ile, uandike pembeni joto la nje.

Kisha angalia raki. Raki nne huwa zina seva ambazo zingeenea kwenye mbili, na mashine ambazo zingegeuzwa kuwa seva pepe (seva za kiprogramu) ndani ya mashine moja. Hapo ndipo akiba yako iliko, kabla ya kiyoyozi. Geuza raki ili mbele zitazamane na upande unaotoka upepo wa viyoyozi, ziba nafasi tupu hata kwa karatasi ngumu isiyoshika moto wakati unasubiri vibao, na kama viyoyozi viko kwenye nyuzi 18, panda hadi 20, kisha 22, ukiangalia joto la hewa inayoingia kwenye seva ya juu kabisa. Isipite 27.

Hakikisha pia viyoyozi vyote viwili vimewekwa kwenye hali ya kupoza tu. Vikiachwa kwenye hali ya kujichagulia, kimoja kinaweza kuona usiku ni wa baridi kikaanza kupasha chumba.